Injini Nyuma, Honi Mbele: Namna ya Kuunda, Kukata na Kutamka Maneno Marefu ya Kinorwe

Wazungumzaji wa Kiswahili wanaojifunza Kinorwe hukwama karibu wote mahali pamoja. Sarufi wanaijua, msamiati wanao, mtihani wa A2 (ngazi ya msingi) wameuvuka, lakini wakitamka neno refu, lililoungwa kwa maneno kadhaa, Mnorwe anawatazama kama wamesema Kichina.

Mimi yalinikuta ndani ya basi. Nilimwuliza dereva kama anafika *sykehuset*, yaani hospitalini, nikalitamka jinsi ulimi wa nyumbani unavyotaka: sy-ke-HU-set. Akanikodolea macho. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, kosa lile lile. Bibi mmoja aliyesimama nyuma yangu akasema *SYkehuset*, dereva akaitikia, nikakata tiketi. Herufi zangu zote zilikuwa sawa. Nguvu ndiyo niliyoiweka pasipo pake.

Tangu hapo nimewasaidia watu wengi kusoma barua zao, na makosa ni yale yale: neno linasomwa kuanzia upande usiofaa, linakatwa katikati ya kipande, mkazo unawekwa nyuma, na likiandikwa linapasuliwa vipande viwili. Mwongozo huu unayashughulikia moja baada ya jingine. Ushauri wa "sikiliza tu, utazoea" siutoi, kwa sababu nawajua watu waliosikiliza miaka kumi bila kuzoea.

## Vitu utakavyohitaji

- Barua moja halisi: ya NAV (idara ya kazi na ustawi ya Norwe), ya shule ya mtoto, ya mwenye nyumba au ya mwajiri. Kitabu cha kiada kina maneno yaliyochujwa, barua haikuhurumii.
- Penseli na kalamu mbili za rangi tofauti.
- Kamusi ya Bokmålsordboka, ambayo ni bure mtandaoni kwenye ordbøkene.no. Wanaoisimamia ni Språkrådet, baraza la lugha la Norwe, pamoja na Chuo Kikuu cha Bergen.
- Simu yenye kinasa sauti.
- Sauti ya Mnorwe: habari za redio ya NRK, shirika la utangazaji la taifa, au gazeti la Klar Tale, ambalo huandikwa kwa Kinorwe chepesi na husomwa pia kwa sauti.
- Meza ya kugonga. Sitanii. Utaihitaji kwenye Hatua ya 4.

Maneno yote hapa ni ya Bokmål, mojawapo ya namna mbili za kuandika Kinorwe, na matamshi ni ya Oslo na maeneo ya jirani. Silabi yenye mkazo mkuu nimeiandika kwa herufi kubwa. Nilipoandika irabu mara mbili, ivute kama sauti moja ndefu, usiikate kuwa silabi mbili.

## Hatua ya 1: Anza mkiani

Kiswahili hutanguliza jambo kuu: *kiti* cha ofisi, *mwalimu* wa Kiingereza. Hata maneno yetu ambatani hufanya hivyo. Kipimajoto ni kipima kwanza, joto linafuata.

Kinorwe hugeuza. Kiti cha ofisi ni *kontorstol*: ofisi mbele, kiti nyuma. Neno la Kinorwe ni kama treni inayosukumwa na injini iliyo nyuma, na mabehewa ya mbele kazi yake ni kueleza tu.

Fanya hivi. Funika neno kwa kidole, uache kipande cha mwisho peke yake. Jiulize: hiki ni kitu gani? Ukishajua, funua kipande kimoja kimoja ukirudi kushoto, na kila unapofunua weka "-a" ya uhusiano katikati.

*Barnehagelærer*: *lærer* ni mwalimu. Mwalimu wa nini? Wa *hage*, bustani. Bustani ya nini? Ya *barn*, watoto. Mwalimu wa bustani ya watoto, yaani mwalimu wa chekechea.

Kwa nini uanze nyuma. Kipande cha mwisho ndicho chenye mamlaka yote ya kisarufi. Kwetu tunasema "kiti *cha* ofisi" kwa kufuata ngeli ya kiti, ofisi haina sauti. Kwao ni vivyo hivyo: *en*, *ei* au *et*, zinazoonyesha jinsia ya nomino, hufuata mkia:

*et barn* + *en hage* = en barnehage
*en bil* + *et belte* = et bilbelte (mkanda wa gari)
*et arbeid* + *en plass* = en arbeidsplass (mahali pa kazi)

Wingi nao hufuata mkia. *Et hus* halibadiliki katika wingi, kwa hiyo utasema *mange sykehus*, hospitali nyingi, bila kuongeza kitu.

Ukigeuza mpangilio, unageuza kitu chenyewe. *Melkesjokolade* ni chokoleti ya maziwa, unaitafuna. *Sjokolademelk* ni maziwa ya chokoleti, unayanywa. Ninaloshangilia zaidi ni *bordtennisbord*: bord, tennis, bord. *Bordtennis* ni mchezo wa tenisi ya mezani, na meza unayochezea mchezo huo lazima nayo ipate jina lake.

Tahadhari. Jumla ya vipande siyo maana kamili kila mara. *Barnehage* haina maua. *Hvitløk* kwa vipande ni "kitunguu cheupe", lakini ni kitunguu saumu. *Legevakt* ni "zamu ya daktari", nacho ni kituo cha matibabu ya dharura unakokwenda wakati daktari wako wa kawaida hapatikani. Vipande hukufikisha mlangoni, kamusi ndiyo inayokufungulia.

Neno lote lisipopatikana kwenye kamusi, na mengi hayamo kwa sababu Wanorwe huyaunda kila siku, tafuta kipande cha mwisho peke yake. Mara nyingi utakuta chini yake mifano ya maneno ambayo kipande hicho ndicho mkia wake.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema neno ni *en*, *ei* au *et* hata kama hujui vipande vya mbele vina maana gani.

## Hatua ya 2: Kata kwenye maungio, na uitambue gundi

Chukua penseli. Piga mstari kila mahali ambapo kipande kimoja kinaishia na kingine kinaanza. Kipande halali ni neno linaloweza kusimama peke yake kwenye kamusi. Ukibaki na mabaki yasiyo neno, umekata vibaya.

Katikati ya vipande huwa kuna gundi, yaani herufi ya kuunganishia, au hakuna. Aina zake za kawaida ni tatu.

Bila gundi. *Tann|lege* (daktari wa meno), *sol|briller* (miwani ya jua), *bok|hylle* (rafu ya vitabu).

Gundi ya -e-. *Barn|e|hage*, *syk|e|hus*, *fisk|e|suppe* (supu ya samaki), *jul|e|gave* (zawadi ya Krismasi). Usiichanganye na *-e* ambayo ni ya neno lenyewe, kama *skole|bok*, wala na *-e* ya kitenzi: *vaske|maskin* ni mashine ya kufua, *vente|tid* ni muda wa kusubiri.

Gundi ya -s-. Hii ndiyo inayowatesa watu: *arbeid|s|plass*, *søknad|s|skjema* (fomu ya maombi), *opphold|s|tillatelse* (kibali cha ukaazi).

Gundi ni mali ya kipande cha kushoto. Itie rangi, kisha iache imeshikamana na kilichoitangulia: *arbeids-plass*, siyo *arbeid-splass*.

### Je, kuna kanuni ya kujua gundi ipi?

Kanuni kamili hakuna, na anayekuambia ipo anakuuzia kitu. Lakini ziko mbili zinazofanya kazi mara nyingi kiasi cha kustahili kukaririwa.

Ya kwanza inahusu viambishi tamati. Kipande cha kushoto kikiishia *-het, -skap, -dom, -sjon, -tet, -else* au *-nad*, tegemea -s-: *sikkerhetsbelte, vennskapsbånd, ungdomsskole, informasjonsmøte, universitetslektor, begravelsesbyrå, søknadsfrist*. Na *-ing* ya jina la tendo ni hivyo hivyo: *betalingsfrist* ni siku ya mwisho ya kulipa, *åpningstid* ni saa za kufungua. Ila angalia: *flyktning* (mkimbizi) ni mtu, siyo tendo, na kambi ya wakimbizi ni *flyktningleir* bila -s-.

Ya pili ni tamu zaidi. Kipande cha kushoto kikiwa chenyewe tayari kimeungwa kwa vipande viwili, -s- hupenda kujitokeza hata kama haikuwapo mwanzo:

*vinglass*, lakini *rødvinsglass*
*bordlampe*, lakini *skrivebordslampe*

Hiyo -s- ni kama alama ya barabarani: hapa ndipo ungio kubwa lilipo. *Rødvin* ni kitu kimoja, kisha *glass*. Ni glasi ya mvinyo mwekundu, wala siyo glasi nyekundu ya mvinyo. Haitokei kila mara (*fotballsko*, viatu vya mpira, haina), ila ikitokea inakuonyesha pa kukata kwanza.

Kwa yaliyobaki, kariri kwa ukoo. Andika *arbeids-* juu ya ukurasa, chini yake panga *arbeidsgiver* (mwajiri), *arbeidstaker* (mwajiriwa), *arbeidstid*, *arbeidskontrakt*. Gundi ya ukoo hubadilika mara chache. Ikibadilika, mara nyingine maana nayo inahama: *landsmann* ni mtu wa nchi yako, *landmann* ni mkulima.

Umefaulu ikiwa kila kipande kilichobaki, ukiondoa gundi, kinapatikana kwenye kamusi.

## Hatua ya 3: Hesabu silabi ndani ya kipande, usivuke ungio

Sasa tia silabi. Ndani ya kipande kimoja, konsonanti moja ya mwisho kabla ya irabu huenda na irabu hiyo: *ha-ge*, *ven-te*, *hus-ke*. Lakini ungio lina nguvu kuliko kanuni hiyo. Kwanza ungio, kisha silabi.

Mfano unaonisaidia kuwaeleza watu ni *vinglass*. Ukilisoma kwa haraka utaona *ng* na kuitamka kama ng' ya "ng'ombe". Hapo umeshasema *ving-lass*: *ving* ni bawa, *lass* ni shehena. Ungio liko kati ya n na g: *viin-glass*. Hizo n na g hazijuani.

Vivyo hivyo *selskapskjole*, gauni la sherehe. Macho yanaona *skj*, ambayo kwa kawaida hutamkwa kama *sh*. Lakini vipande ni *selskap|s|kjole*: s ni gundi, kj ni ya *kjole*. Zitamke mbali mbali.

Lakini kuna mahali kanuni hii hulegea. Oslo na mashariki kwa ujumla, r ikikutana na s zinayeyuka kuwa sauti iliyo karibu na *sh*, hata kuvuka ungio. Ndiyo maana *kontorstol* utaisikia kama "kontoo-shtol". Usishangae, wala usidhani hukusikia vizuri.

### Usiongeze irabu

Sisi hatupendi silabi iishie kwa konsonanti. Neno la kigeni likija tunalivalisha irabu: benki, burashi, blanketi. Ni tabia nzuri kwa Kiswahili na sumu kwa Kinorwe. *Arbeidsplass* ina silabi tatu: *ar-beids-plass*. Ukisema "arbeidisiplasi" umefikisha sita, na msikilizaji anayesubiri silabi tatu amekwisha kupotea.

Dawa: tamka kipande cha kushoto peke yake, funga mdomo kwenye konsonanti ya mwisho, nyamaza kidogo, kisha anza cha pili. *Arbeids*. Kimya. *Plass*. Punguza kimya kidogo kidogo mpaka kiishe.

Umefaulu ikiwa ukijirekodi na kuhesabu, idadi ya silabi inalingana na idadi ya irabu ulizoziona kwenye maandishi. *Ei, øy* na *au* zihesabu kama irabu moja.

## Hatua ya 4: Piga honi mara moja, mbele

Hatua hii ikikushinda, zile tatu za mwanzo hazitakuokoa.

Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiongeza silabi unahama: ki-TA-bu, ki-ta-BU-ni. Ulimi wetu unausukuma nyuma bila kuulizwa. Neno ambatani la Kinorwe hubeba mkazo mkuu kwenye kipande cha kwanza, na haujali ni mabehewa mangapi yamefungwa nyuma yake. Injini ya maana iko nyuma, honi iko mbele.

Linganisha:

| Ulimi wetu husema | Mnorwe husema | Maana |
|---|---|---|
| bar-ne-HA-ge | BAAR-ne-haa-ge | chekechea |
| le-GE-vakt | LEE-ge-vakt | kituo cha dharura |
| ar-BEIDS-plass | AR-beids-plass | mahali pa kazi |
| ung-doms-SKO-le | UNG-doms-skoo-le | shule ya vijana |
| skat-te-MEL-ding | SKAT-te-mel-ding | ripoti ya kodi |

Fanya hivi. Gonga meza kwa nguvu mara moja unapotamka silabi ya mkazo. Mara moja tu. Vipande vinavyofuata viguse kwa kidole, bila kugonga. Rudia mara kumi kabla ya kuhamia neno jingine. Wenzako nyumbani watakuzoea.

### Kipande cha pili hakifi

Watu wakishajua mkazo uko mbele, huanza kumeza yaliyobaki: "BARnhg". Hapana. Kipande cha pili kinabaki na mkazo mdogo, na irabu yake ikiwa ndefu inabaki ndefu. Kwenye *sykehus*, *huus* inavutwa ingawa iko chini. Ukiifupisha, umeiharibu.

Urefu huo unatambulika kwa macho. Silabi yenye mkazo ikifuatiwa na konsonanti moja, irabu kwa kawaida ni ndefu: *tak* (paa) ni "taak". Konsonanti zikiwa mbili, irabu ni fupi: *takk* (asante). Kila kipande huja na urefu wake kutoka nyumbani, na hakiuachi mlangoni kinapoungana na kingine.

### Kipande cha kwanza kikiwa cha kigeni

"Kipande cha kwanza" haimaanishi "silabi ya kwanza". Mkazo hukaa pale ambapo kipande hicho hukaziwa kikiwa peke yake. Maneno yenye asili ya Kifaransa, Kilatini au Kigiriki mara nyingi hukaziwa nyuma:

*kontor* ni kon-TOOR, kwa hiyo kon-TOOR-stool
*politi* ni po-li-TII, kwa hiyo po-li-TII-biil (gari la polisi)
*universitet* ni u-ni-ver-si-TEET, kwa hiyo u-ni-ver-si-TEETS-sy-ke-huus
*sjokolade* ni sjo-ko-LAA-de, kwa hiyo sjo-ko-LAA-de-melk

Kwenye *melkesjokolade*, chokoleti imekaa nyuma, ikanyang'anywa honi: MEL-ke-sjo-ko-laa-de.

Wako Wanorwe, hasa wazee wa mashariki, wanaosema POliti. Waache, ni lahaja yao. Wewe kaza *ti*.

### Mahali ambapo honi iko nyuma kweli

Namba. *Trettifem* (35) ni tret-ti-FEM, *tjueto* (22) ni tju-e-TOO. Hili si dogo: namba za simu za Norwe zina tarakimu nane, na watu wengi huzisoma mbili mbili. Ukikaza mwanzo wa kila jozi, anayeandika atajikanyaga.

Baadhi ya majina ya miji. Kristiansand hukaziwa *sand* (na d haisikiki), Kristiansund hukaziwa *sund*.

Kitenzi na neno lake dogo vikitengana. *Stå opp*, kuamka, hukaziwa *OPP*. Vikiungana kuwa *oppstå*, kuzuka au kutokea, mkazo bado uko kwenye *OPP*, lakini sasa *OPP* iko mbele na maana ni nyingine.

Halafu kuna maneno yanayofanana na ambatani kumbe siyo. *Betale* (kulipa) na *forstå* (kuelewa) yana viambishi *be-* na *for-* visivyobeba mkazo: be-TAA-le, for-STÅÅ. *Fordel* (faida) lakini ni FOR-del. Kwenye *for-*, uliza kamusi au Mnorwe aliye karibu.

Umefaulu ikiwa ukisikiliza rekodi yako unasikia kilele kimoja kwa neno zima. Ukisikia viwili, umesema maneno mawili.

## Hatua ya 5: Toni, lakini usipoteze usingizi

Kinorwe kina toni mbili. *Bønder* (wakulima) na *bønner* (maharage, au maombi) hutamkwa kwa sauti zile zile, kinachotofautisha ni wimbo tu. Unachotakiwa kujua kuhusu maneno ambatani ni kwamba neno zima huimbwa wimbo mmoja, uanzie kwenye mkazo mkuu na kunyooshwa hadi mwisho. Usianze wimbo mpya kwenye kila kipande.

Mengi yao, yakiwemo yale ya *barne-*, huchukua toni ya pili: Oslo utaisikia ikishuka kwenye mkazo na kupanda tena mwishoni. Iga tu. Ukikosea toni utaeleweka, maana kuna lahaja za Norwe zisizo na tofauti hiyo kabisa na watu wake wanaelewana na wengine kila siku.

## Hatua ya 6: Liandike lako, pamoja

Sasa unaunda. Chagua injini, weka mbele kinachoeleza, weka gundi kama ipo, kisha funga bila nafasi.

Kosa la kupasua neno hufanywa hata na Wanorwe wenyewe, na wanalichekea sana. Angalia kinachotokea:

*lammelår* ni mapaja ya mwanakondoo. *Lamme lår* ni mapaja yaliyopooza
*kyllinglever* ni maini ya kuku. *Kylling lever* ni "kuku yu hai"
*røykfritt* ni mahali pasiporuhusiwa kuvuta sigara. *Røyk fritt* ni "vuta upendavyo"
*engelsklærer* ni mwalimu wa Kiingereza. *Engelsk lærer* ni mwalimu ambaye ni Mwingereza

Kipimo kiko masikioni. Sema kwa sauti: ukisikia kilele kimoja, andika neno moja. *HVITløk*, kilele kimoja, kitunguu saumu. *HVIT LØK*, vilele viwili, kitunguu chenye rangi nyeupe. Ndiyo maana Hatua ya 4 ilitangulia hii.

Kivumishi kikiingia ndani ya neno huacha kupatana na nomino. *Store byer*, miji mikubwa, kina -e ya wingi. *Storbyer*, majiji, hakina. Ndugu wa familia ndio waliojipendelea: *storebror, storesøster* (kaka na dada mkubwa).

### Konsonanti tatu

Kinorwe hakiandiki konsonanti tatu zinazofanana mfululizo. *Buss* + *sjåfør* = *bussjåfør* (dereva wa basi). *Fotball* + *lag* = *fotballag* (timu ya mpira). *Natt* + *tog* = *nattog* (treni ya usiku). Ukikata neno mwishoni mwa mstari, ile iliyofichwa inarudi: *natt-tog*.

Tahadhari. Kanuni ni ya tatu, siyo ya mbili. *Bank* + *kort* ni *bankkort*, zote mbili zibaki. *Ungdom* + *s* + *skole* ni *ungdomsskole*, s mbili: moja gundi, moja ya shule. Kosa ninaloliona zaidi kwenye barua za watu ni *søknadskjema*. Inahitaji s mbili.

### Kistari

Weka kistari pale kifupisho kinapohusika: *NAV-kontor, TV-program, PC-skjerm*. Kiweke pia pale maneno mawili yanapogawana mkia: *barne- og ungdomsarbeider*, mfanyakazi wa watoto na vijana. Kile kistari baada ya *barne* kinasema "subiri, mkia wangu unakuja".

Tahadhari kuhusu simu. Kisahihishi cha simu hakijui neno uliloliunda leo. Kitalipigia mstari mwekundu na kupendekeza ulipasue. Kikatalie.

## Hatua ya 7: Jaribu kwa neno moja gumu

Tuchukue moja lililowahi kuwatisha watu kadhaa waliokuja kwangu na bahasha: *arbeidsavklaringspenger*.

Mkia: *penger*, pesa. Ni za wingi, kwa hiyo zikijulikana zitakuwa *pengene*. Kabla yake kuna *avklaring*, kubainisha jambo. Kinaishia *-ing*, na kweli -s- ipo. Mbele kabisa *arbeid*, kazi, na gundi yake tunayoifahamu. Pesa za kubainisha mambo ya kazi: ndiyo malipo ya NAV kwa mtu ambaye ugonjwa au jeraha limempunguzia uwezo wa kufanya kazi, wakati anatibiwa au anatafutiwa njia ya kurudi kazini. Mtaani huitwa AAP.

Kata: *arbeids|avklarings|penger*. Silabi: *ar-beids-av-kla-rings-pen-ger*, saba. Hiyo *ng* ya *penger* imo ndani ya kipande kimoja, kwa hiyo hapa ng' ya ng'ombe inaruhusiwa. Mkazo: *AR*, gonga meza. *Av* na *pen* ziguse kwa kidole.

Jirekodi ukilisema ndani ya sentensi: *Jeg har søkt om arbeidsavklaringspenger.* Mpe rekodi hiyo Mnorwe, au hata mtoto wako anayesoma shule huko, umwombe aandike anachosikia. Akiandika neno moja bila nafasi, umefaulu. Akisita katikati au akiandika mawili, rudi Hatua ya 4 ukiwa na meza yako.